Maboga ya Mzee Kahiga

Lori lilipokuja kuwachukua Wakikuyu wa shamba la mzungu lililoko juu ya Keringet, mzee Kahiga alikuwa akipalilia. Askari hawakumpa hata nafasi ya kunawa mikono. Alipandishwa na matope yake na blanketi moja begani, na alipogeuka akamwona jirani yake, Cheptanui, amesimama kando ya ua.

"Mama Jeruto!" aliita. "Maboga yangu! Baridi isiyachome. Niwekee mbegu, hata kidogo!"

Alikuwa bado anasema, lakini injini ilikoroma, maneno yakapotelea humo. Cheptanui aliitikia kwa kichwa tu, kwa maana askari mmoja alikuwa akimtazama.

Hiyo ilikuwa Desemba ya mwaka 1952, serikali imekwisha kutangaza hali ya hatari. Kwa miaka tisa ya ujirani, kila Cheptanui alipojifungua, Kahiga alimletea boga la kijivu, nyama yake kavu kama kiazi. Mbegu yake, marehemu mkewe aliitoa Nyeri. Mwaka huo panya waliufikia mfuko wa akiba, zikapona tatu tu, naye Kahiga akazipanda kwa kuchelewa, mvua ikielekea kwisha.

Januari, asubuhi moja, nyasi ziliamka nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Majani ya pembeni ya yale maboga yalikuwa yamegeuka meusi.

"Nitayaingiza ndani," Cheptanui alimwambia mumewe, Kipketer, aliyekuwa mkamaji wa ng'ombe wa mzungu.

"Ndani wapi? Hii nyumba ni ya watu au ya maboga?"

"Ni siku za baridi tu."

"Na baridi ya huku inaisha lini?"

Cheptanui alitoka nje. Alichimba kwa jembe kuizunguka miche, lakini mizizi ilikuwa imekwenda mbali kuliko alivyodhani, akaisikia ikikatika. Kila mche aliupanda katika debe, akaukunjakunja kama kamba, akauingiza. Kufika jioni majani yalikuwa yamelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi juu ya kazi. Jua likichomoza anayatoa madebe nje, kisha anakimbilia kuchuma pareto, amechelewa, nyapara anamfokea, alasiri anayarudisha. Mche wa kwanza ulikufa kabla ya wiki kwisha. Wa pili uliliwa na mbuzi, akabakiza kisiki, wakati yeye ameenda kuteka maji. Wa tatu, hakujua kwa nini, uliinuka ukatoa maua.

Maua yalifunguka alfajiri, humo ndani kwenye moshi, yakajifunga kabla ya adhuhuri. Kijiboga kidogo nyuma ya ua kikawa cha manjano, kikaanguka. Vitano vilianguka hivyo. Mtu wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyechukuliwa.

Asubuhi moja Kipketer alitua ndoo yake ya maziwa. "Bila fahali utapata ndama?" aliuliza. Akachuma ua lisilokuwa na kijiboga, akalichana, akalisugua ndani ya lile lililo nacho. Kisha akaenda kukama. Kijiboga hicho kilishika.

Boga likawa kama ngumi, kisha kama ngumi mbili. Februari Kipketer alitumwa kupeleka mitamba Gilgil, na watu walisema waliochukuliwa wamewekwa kambini huko.

"Umuulizie," Cheptanui alimsihi. "Mwambie tunalo moja."

Alirudi siku ya tatu, akakaa kitako akavua viatu kwanza.

"Nilifika kwenye seng'enge," alisema. "Nikamuulizia Kahiga. Waliokuwa ndani wakacheka. 'Kahiga gani? Humu wako Kahiga mia.' Mmoja akasema wa huku juu walishapakiwa kwenye treni. Halafu askari akanifukuza na kitako cha bunduki."

"Treni ya wapi?"

"Nitajuaje, Cheptanui?"

Machi, boga lilianza kulegea upande wa chini. Cheptanui alilitandikia nyasi kavu, akalipaka majivu, akaligeuza juani. Kila asubuhi kidole kilizama zaidi. Kikonyo kilipoachia chenyewe, alilipasua kwa kisu. Mbegu zilikuwemo, nyeupe, zimejipanga. Akaibana moja kwa kucha: ganda tupu, ndani hamna kitu. Akabana ya pili.

"Basi, mama," Kipketer alimwambia. "Acha."

Hakuacha. Alizibana zote, moja moja, mpaka ya mwisho.

Mvua za Aprili zilipoanza, nyapara aliwaleta watu wapya katika nyumba ya Kahiga, Khisa na mkewe Nasimiyu, kutoka upande wa Kitale. Nasimiyu alikuja kuomba moto.

"Mama, hapa alikuwa akikaa nani?"

"Mzee mmoja."

"Amehamia wapi?"

Cheptanui alichota makaa, akayaweka kwenye kigae, akampa.

"Sijui," alisema. "Shika vizuri, usije ukaungua."