Nyuzi Mbili Ndani ya Mbu

Balthazar, jirani wa ukuta mmoja na Murhula pale mtaani St Marys, ughaibuni, aliapa kwamba mbu alitoroka maabara ya Westmead, akapanda treni kama watu, akamdunga mwenzao Oloo shingoni. Jumapili iliyofuata Oloo akaandaliwa sombe, kisamvu cha nyumbani, asisikie hata harufu. Balthazar akamwambia Murhula, "Iko korona hiyo! Na wewe unaenda kufagia kule kule!"

Murhula alienda kazini vilevile. Alikuwa na miezi saba akifagia ile maabara, na kila akifika kwenye ukuta wa kioo, ufagio ulipunguza mwendo. Ndani, dada Chepngetich, Mkenya, alichambua kwa kibano mbu wa mitegoni, mmoja mmoja, picha zao zikijaa kwenye skrini ukutani. Mvua za mwaka ule zilileta mbu kwa maelfu, na kiti cha pili kilikuwa kitupu. Moyo wa Murhula ulikuwa kwenye kiti kile.

Siku hiyo, Chepngetich alipotoka kunywa chai, Murhula akamuuliza, "Dada, ni kweli mbu wenu wana korona?"

"Ai! Nani amekudanganya?" Chepngetich alicheka mpaka akashika ukuta. "Tulichopata ni kirusi cha mbu wenyewe. Kwa mtu hatujakiona. Tena mbu anaishi nacho, anazaa nacho, anaruka tu."

"Haumwi?"

"Tunavyoona, haumwi. Halafu korona ina uzi mmoja wa vinasaba. Hiki kina mbili, zimesukwa pamoja."

"Mbili hazisukwi, dada. Kusuka ni tatu. Mbili zinasokotwa." Akavuta fungu la nywele zake, akaligawa, akaonyesha.

Chepngetich akavitazama vile vidole. "Wacha! Miaka yote hii namweleza mama vibaya kwenye simu. Zimesokotana. Ndivyo hasa."

Murhula akaduwaa. Mdudu mwembamba kuliko punje ya mchele, ndani yake mgeni asiyemdhuru, na ndani ya mgeni uzi uliosokotwa bila mkono. Kumbe Mungu ana vidole vyembamba hivyo!

Akapata ujasiri. "Asubuhi, dada, ulimweka dume kati ya majike. Wa tatu kutoka ukingoni. Niliona kwenye skrini, papasi zake za kichwani zilikuwa na manyoya mengi."

Chepngetich akarudi ndani, akainama kwenye hadubini. "Haki, ni dume."

Murhula akasimama mlangoni. "Mimi niliishia darasa la sita. Lakini nakuomba, mwambie mkubwa wako anijaribu kwenye kiti hicho, hata wiki moja."

Chepngetich alikuwa bado amemshika yule dume kwa kibano. Akamhamishia kwenye sahani ya madume, taratibu, kisha akapandisha barakoa juu ya pua, akaenda kugonga mlango wa mkubwa wake.