Maji ya Pembeni

Asubuhi ile hata kiti kilimkataa baharia Masudi. Alikaa, akasimama, akafunga kamba ya meli iliyokwisha kufungwa, akaifungua tena. Adhuhuri meli ingeteremka mto Lualaba kwenda Lokandu na mapipa ya esanse, mafuta ya magari yanayoshika moto kwa cheche moja, na mkewe Hawa ndani yake. Mabaharia wote walikuwa wamefunzwa kuzima moto. Hilo ndilo lililomnyima raha: alijua walivyofunzwa.

Siku ya kwanza ya mafunzo, mwalimu wao, situayen Onema, kama chama kilivyotaka kila raia aitwe, alikuja na filimbi shingoni na tumbo lililotangulia kufika. Kuwasha moto karibu na esanse alikataa, na hapo alikuwa na haki. Basi akatundika mlingotini kitenge cha chama tawala, chenye picha ya mkono ulioshika mwenge.

"Moto njo huu. Zimeni!"

Masudi akainua ndoo. Filimbi ikalia mpaka viboko wa Lualaba wakapiga mbizi.

"Weye! Unataka kuzima mwenge wa chama?"

"Lakini situayen, umesema moto njo huu."

"Njo moto, lakini hauzimwi! Mwagia pembeni. Kwa heshima."

Basi wakamwagia pembeni siku nenda siku rudi, wakiimba na kukata kiuno, wala tone halikugusa mwenge. Siku ya vyeti, mukubwa mmoja wa chama alipiga makofi mpaka saa ikamchomoka mkononi.

"Situayen, tuwashe moto wa kweli, hata gunia moja, kule mchangani," Masudi aliomba mara ya mwisho kabla ya kuondoka.

"Cheti si uko nacho? Unatetemeka nini?" Onema akapanda meli, kitenge begani, akaonyeshe kazi yake Lokandu.

Nyumba za Kindu walikotoka hazijapotea machoni, Hawa akawa anakaanga ndizi nyuma ya meli. Cheche ikaruka, gunia la makaa likashika, upepo ukasukuma moto kuelekea mapipa.

"Moto!"

Mabaharia wakaja mbio, wakapanga mstari, wakaanzisha wimbo. Ndoo ya kwanza, pembeni. Ya pili, pembeni. Abiria wakaloa, mbuzi akaloa, gunia la chumvi likawa mchuzi. Masudi akalenga katikati kwa moyo wake wote. Mikono ikamwagia pembeni.

"Baba Aziza!" Hawa akampigia mumewe kelele. "Moto iko hapa! Ao umegombana na ule mbuzi?"

Masudi akatupa ndoo. Akakwapua kitenge begani kwa Onema, akakichovya mtoni, akafunika gunia, akalilalia kwa tumbo. Mvuke ukapanda.

Alipoinuka, moto ulikuwa umekufa, na kwenye kitenge, palipokuwa na mwenge, palikuwa na tundu la kupitisha kichwa.

Onema akatazama tundu. Akatazama mapipa, hatua chache tu kutoka hapo.

"Nani amezima mwenge?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Hakuna muntu," Hawa akasema, akimpangusa mumewe masizi. "Umehama tu, situayen. Umetoka kwa kitenge, umeenda kwa gunia. Na batu wako wameuheshimu sana, umeona mwenyewe."

Walipofika Lokandu, Onema aliwasha gunia mwenyewe, mchangani, mbali na meli.

"Katikati," akasema.

Masudi akainua ndoo, akalenga. Mbuzi aliyekuwa pembeni alikwisha kukimbia.