Migongo ya Watu wa Bango

Jumanne saa tatu asubuhi, Bi Pindo alikuwa barazani akitia mafuta cherehani yake wakati mwanamke mwenye kikombe aliposhuka kutoka kwenye bango.

Bango lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara tangu wafadhili wakubali kutoa ruzuku ya kuufufua mtaa. Lilionyesha mtaa utakavyokuwa: kuta zenye rangi mpya, mkahawa wenye viti nje, na watu wembamba wa miguu mirefu wakitembea bila haraka chini ya mbingu ya buluu.

Mwanamke alivuka barabara kiubavu, kama kaa.

"Samahani, bibi. Wewe ndiye fundi?"

"Kwani hii cherehani mbele yangu unaiona punda?"

"Nina shida ya mgongo."

Bi Pindo akamgeuza. Mchoraji alikuwa amemchora mbele tu. Nyuma, kuanzia kisogoni mpaka visiginoni, ilikuwa karatasi nyeupe, hakuna gauni wala cha kulishikilia gauni.

"Pole, mwanangu," alisema Bi Pindo, akachukua futi yake ya kamba.

Kufikia Ijumaa walikuwa wameshuka kumi na wanne. Walitembea wakiambaa kuta wasionekane nyuma, na watu wa mtaa waliwapisha na kuwaamkia. Muuza magazeti peke yake ndiye aliyenung'unika, maana walimwegemea meza. Bi Pindo aliwashonea migongo kwa vipande alivyokuwa navyo. Bwana mwenye baiskeli alipata kaki. Mtoto mwenye puto alipata pazia la maua.

"Makalio nimekuongezea kidogo," alimwambia mama mmoja. "Ukikaa kwenye vile viti vya mkahawa usije ukaumia."

Siku hiyo hiyo alivuka barabara kwenda kulinganisha uzi na rangi za bango. Hakuwa amewahi kulitazama kwa karibu. Alikuta duka la kinyozi limechorwa vizuri, hata kioo chake. Pale barazani, mahali alipokaa na cherehani miaka ishirini na miwili, palichorwa mti ndani ya sanduku la saruji.

Mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikuwa huyo huyo kinyozi, mdogo wa marehemu mumewe. Alimkuta katikati ya kichwa cha mteja.

"Shemeji, kwenye bango mimi niko wapi?"

Kinyozi akasimamisha wembe.

"Siku tuliyopitisha mchoro kila mtu alitafuta duka lake, shemeji. Nami nikatafuta langu. Wewe hukuwepo."

"Nilikuwa chumba cha nyuma, natia vifungo mashati yenu."

Shati lenyewe lilikuwa limetundikwa msumarini, la manjano, limeandikwa kifuani: Mtaa ni Wetu, Kazi ni Yetu.

"Na karatasi yangu je?"

Mkutano wa kwanza kila mkazi alipewa karatasi ya rangi aandike anachotaka. Bi Pindo aliandika: paa lisilovuja na choo chenye komeo.

"Ilibandikwa ukutani. Wafadhili waliipiga picha. Waliipenda mno."

"Basi nichoreni. Hata nyuma ya mti. Mimi si mnene kihivyo."

"Kubadilisha mchoro ni kuomba upya, mwaka mzima. Na siku ya ukaguzi mti usipoonekana, ruzuku iliyobaki haiji. Hapo hakuna paa litakalozibwa, si lako si la nani."

"Kaka yako angekuchapa."

"Angenichapa, shemeji," alikubali kinyozi. Akaendelea kunyoa palepale alipokwisha kunyoa, mpaka mteja, aliyekuwa amenyolewa nusu, akamwomba apumzike kwanza.

Jumatatu wafanyakazi wa mradi walileta mti. Walikuwa vijana wenye adabu, wakangoja Bi Pindo amalize pindo la mwisho, la mwanamke mwenye kikombe. Mwanamke akaingia kwa kinyozi, akajigeuza mbele ya kioo. Alipojiona nyuma kwa mara ya kwanza, alilia. Kisha akarudi barazani, akakuta cherehani imeshawekwa kando ya barabara.

"Bibi, kule juu nafasi yangu iko wazi," alisema. "Nimekaa miezi sita, mvua sijaiona."

Bi Pindo akaangalia bango, akaangalia mti.

"Shemeji! Lete ngazi."

Kinyozi alileta ngazi, akaishika mwenyewe. Cherehani ilipandishwa kwa kamba, kisha kigoda, mwisho Bi Pindo mwenyewe, akimwonya shemeji yake atazame chini. Wateja wakazoea kumpelekea nguo kwa kijiti chenye ndoano. Baadaye muuza magazeti alipanda na meza yake. Kodi za vyumba zilipoongezwa, wakapanda na wapangaji, familia kwa familia, na sufuria zao. Chini, mtaa ukawa kama ulivyochorwa: watu wapole wenye migongo ya maua, wakitembea bila haraka.

Mkaguzi alipokuja aliukagua mti, kisha akainua macho. Aliandika kwamba wakazi wanaonekana vizuri katika mradi, akawapiga picha. Kinyozi alisimama pembeni na shati lake la manjano, vifungo vyote vimekaza.

Masika yalipoanza, juu ya bango mbingu ilibaki ya buluu. Nusu ya karatasi ya Bi Pindo ikawa imetimia.

Choo mchoraji hakuchora. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Pindo hushuka ngazi, akaenda mkahawani kuomba ufunguo, na mwanamke mwenye kikombe, ambaye sasa ni mhudumu hapo, humwambia kwa upole kwamba choo ni cha wateja tu. Bi Pindo huagiza chai asiyoitaka, akainywa yote, akapewa ufunguo. Halafu hupanda kushona. Chai nayo ni chai, na kabla ya adhuhuri inambidi ashuke tena.