Amana Isiyofunguliwa

Mwenye nyumba wangu tulimwita Mzee Muhuri, kwa kuwa alistaafu ukarani lakini muhuri wake haukustaafu. Nilipopanga kwake, nilimpa kodi ya miezi miwili iwe dipoziti. Pesa alizipokea, neno ndilo alilolikataa. "Sema amana," aliniambia, "maana si zangu." Akaigonga muhuri stakabadhi, mara mbili.

Miaka sita baadaye nilipata chumba chenye kibaraza, pa kuweka cherehani yangu wateja wanione. Mama mwenye chumba alitaka dipoziti yake Ijumaa kabla ya saa sita, la sivyo anampa kinyozi. Wiki nzima nikamwomba Mzee anirudishie changu. Jibu lake lilikuwa moja: "Siku ya kuhama, mwanangu, si kabla." Mimi nina mdomo. Kila mteja niliyempima kiuno nilimwambia mzee kaila amana yangu, sasa ananizungusha.

Ijumaa asubuhi alikagua chumba, akagusa kila bawaba, akaenda kwake, akarudi na bahasha. Muhuri ulikuwa juu ya gundi, haujaguswa. Nikaichana. Noti zilikuwa zile zile nilizompa, hata ile yenye doa la mafuta ya cherehani. Noti za zamani, ambazo benki iliacha kuzipokea miaka mitatu nyuma.

Mzee akakaa juu ya ndoo yangu. "Zangu nilizibadilisha zote," alisema polepole. "Hizi hata sikuzifikiria. Amana haifunguliwi."

Nilitamani angekuwa amezila. Mwizi unamlaani, moyo unatulia. Huyu nimlaani kwa lipi?

"Pensheni yangu ni mwisho wa mwezi," alisema. "Twende kwa huyo mama nikudhamini."

Tulimkuta mama anafagia kibaraza. Kiti cha kinyozi kilishafika, na kinyozi mwenyewe amekikalia. Mzee akaeleza shida yetu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, samahani," akasema. "Si wewe unayekula dipoziti za wapangaji? Nimeambiwa na watu watatu."

Mzee akanigeukia. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikinyamaza, mdhamini wangu ni mwizi. Nikisema, nani atampa chumba mpangaji anayewapaka matope wenye nyumba?

"Ni mimi niliyesema," nikamwambia. "Nilimsingizia. Hajala hata senti." Nikamwekea bahasha mkononi.

Mama alizipekua zile noti, akasoma tarehe ya muhuri. Kinyozi akakohoa.

"Mpangaji mwenye mdomo," mama alisema hatimaye, "na mdhamini asiyejua kufungua bahasha." Akaingia ndani, akatoka na karatasi. "Mtatia sahihi wote wawili. Mwisho wa mwezi, si zaidi." Kinyozi akasimama, akabeba kiti chake.

Tulirudi kwa miguu kuchukua cherehani. Tulipofika mlangoni, Mzee akaniuliza:

"Ni hao watatu tu uliowaambia?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Kama kumi na mmoja, baba."

Akatikisa kichwa, akashika upande mmoja wa cherehani, mimi nikashika wa pili.

"Mwisho wa mwezi nitakuletea pesa zako," alisema. "Na wewe uniletee jina langu."