Radi Isiyoogopa Ndimu

Kila jioni, kabla sufuria ya ugali haijabandikwa, Serafina binti Protasi wa Lionja alikaa barazani na kufuma mstari mmoja wa blanketi. Mmoja tu, basi. Siku ya jua alitia uzi wa njano. Siku ya mawingu, kijivu. Mvua, buluu. Radi ikipiga, nyekundu. Alianza tarehe mosi Januari 1953, na kufika Pasaka kijiji kizima kilishajua kuwa yule binti anaandika mbingu kwa sindano. Waliopita njiani walimsalimia wakitazama juu kwanza, wasije wakakosea.

Haukuwa mchezo. Sista Teodosia, mwalimu wa kazi za mikono pale misheni ya Nachingwea, alitaka msichana wa kumsaidia kufundisha. Alimwambia Serafina afume mwaka mzima, asiruke siku wala asidanganye siku. Sikukuu ya Wafalme, tarehe sita Januari, angelifungua blanketi mbele ya daftari lake la hali ya hewa na kulisoma mstari kwa mstari. Likisema kweli, kazi ni ya Serafina. Likisema uongo, arudi kupalilia ufuta wa baba yake.

Sasa, nyuzi aligawa Sista mwenyewe, na Sista aligawa kwa kufuata mbingu za kwao Ulaya. Buluu kapu zima. Kijivu kapu zima. Njano, madonge manne, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Mwezi Mei jua la Lionja likakaa kitako, na kufika Julai njano imekwisha, jua lenyewe ndiyo kwanza linanoa meno. Serafina aliona haya kumwambia mwalimu kwamba hesabu yake ya jua ni ya nchi nyingine. Akachukua uzi mweupe wa pamba, akauchemsha na bizari ya mama yake, Klementina. Ikatoka njano ya kuringia. Kuanzia hapo hadi mvua za mwishoni mwa Novemba, blanketi lilikula bizari na mchuzi wa nyumba ile ukawa mweupe kama uji. Mzee Protasi alikula akiguna.

Desemba ikaisha, mistari mia tatu sitini na tano ikatimia. Jumapili, siku tatu kabla ya sikukuu, akaja Bashiri.

Bashiri alikuwa mtani wake, ukoo kwa ukoo, tangu mababu zao walipoacha kurushiana mishale na kuanza kurushiana maneno. Mtani akichukua chako hujaibiwa, na ukinuna umeshindwa. Bashiri alilikuta blanketi barazani, akajitanda begani, akapanda baiskeli na kutokomea nalo hadi Ruangwa. Huko, watu walisimulia, alipita sokoni akijitangaza kuwa ndiye mwenye mvua, wenye mashamba makavu wapange foleni. Jumatatu asubuhi akalirudisha. Lilikuwa na tope la kutosha kupandia mhogo.

Serafina hakununa. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, akasubiri mtani aondoke, akakimbilia beseni na mche wa sabuni. Akalowesha, akapaka, akasugua.

Povu likageuka jekundu.

Alidhani amejikata mkono. Akalinyanyua blanketi. Jua lote la Julai, la Agosti, la Septemba, lote hadi Novemba, lilikuwa jekundu. Akasuuza mara tano, wekundu ukamtazama tu. Kwa mujibu wa blanketi lile, Lionja ilipigwa na radi kila siku kwa miezi mitano.

Jumanne mchana Bashiri alikuja kulipa fidia ya utani kama desturi inavyotaka: samaki wawili wakavu na ndimu nne. Alipoliona blanketi kwenye kamba aliinama kama aliye msibani.

"Miezi mitano ya radi, mtani," alisema. "Na sisi bado tunapumua? Kwenu mna dawa gani?"

Serafina akacheka huku machozi yanamtoka. Bashiri, kuona machozi, akageukia samaki wake. Kwa kukosa la kufanya akapasua ndimu akakamulia samaki, tena kwa nguvu za aibu, na maji yakaruka hadi kwenye blanketi.

Pale yalipotua, radi ikazimika. Tone moja, jua moja.

Walitazamana. Serafina akanyakua ndimu na kukamua juu ya Agosti, na Agosti ikawaka njano mbele ya macho yao. Bashiri alikuwa keshapanda baiskeli. Alizunguka nyumba zote za Lionja akiomba ndimu, na kila alipoulizwa ni za nini alijibu kuwa mtani wake anatibu miezi. Alirudi na kikapu. Walikamua hadi vidole vikawawasha, Mama Klementina naye akiwasaidia huku akiuliza kama na bizari yake itarudi.

Jumatano, baada ya misa, Sista alilitandaza blanketi juu ya meza ndefu, akafungua daftari. Kwanza alilinusa, akasema linanukia mchuzi. Kisha akaanza. Januari sawa. Machi, radi mbili, sawa. Mei, Juni, Julai. Serafina alikuwa anahesabu pumzi. Septemba sawa. Tarehe tisa Oktoba kidole cha Sista kikasimama. Mwekundu. Mstari mmoja uliofichwa na mkunjo, ndimu haikuufikia.

"Siku hii hapakuwa na radi," Sista alisema taratibu.

Serafina alifungua pindo la kanga yake, akatoa nusu ya ndimu aliyoibakiza, akaikamua. Tarehe tisa Oktoba ikawa jua.

 Sista alivua miwani, akauliza kama basi kila siku humu inageuzwa kwa ndimu apendavyo mwenyewe.

 Serafina alisogea kwenye Machi, kwenye zile radi mbili, akakamua mpaka ganda likakauka. Nyekundu ikabaki nyekundu.

"Radi ya kweli haiogopi ndimu, Sista," alisema. Ndipo akamweleza yote: madonge manne, bizari, tope, sabuni iliyoigeuza bizari kuwa nyekundu.

Sista alitazama kapu lake la nyuzi za buluu, bado limejaa, akaanza kucheka hadi akashika meza. Akasema Jumatatu Serafina aje kufundisha, na somo la kwanza liwe bizari na ndimu.

Nje, Bashiri alikuwa anasubiri kando ya baiskeli. Kabla hajaambiwa neno aliusoma uso wa Serafina aliyetoka na blanketi, akanyoosha mkono.

"Leta blanketi, mtani. Ruangwa wanadai mvua yao."

Safari hii Serafina alilikumbatia na kukimbia, na Bashiri akamfukuza hadi nje ya misheni, wote wanacheka, ndimu zikinukia njia nzima.