Adabu ya Kusikiliza Doluka

Kwa miaka mingi Kibra ilikuwa imekosea, na haikuwa na habari. Kila Jumamosi baada ya sala ya isha watu walimiminika uwanjani kwa Bi Zeinabu, kule Makina. Wanawake walizipasha ngoma zao kwenye makaa mpaka ngozi zikakaza, na doluka ikaanza: Bi Zeinabu anatupa mstari kwa Kinubi, uwanja mzima unamrudishia. Waliitikia midomo imejaa mkate wa gurusa. Waliitikia huku wakibembeleza watoto na kufukuza mbuzi. Wazee waliopigana vita vya Mzungu mpaka wakasahau vilianzia wapi walirusha fimbo juu na kutokwa na machozi. Na aliyefanya jambo la aibu wiki ile alilikuta limetiwa ndani ya wimbo, jina lake na la baba yake, akacheka na wenzake, maana aliyenuna alitungiwa ubeti wa pili.

Ilibidi atokee Abdelkarim ndipo ijulikane kwamba ule haukuwa muziki.

Abdelkarim alikuwa karani wa ghala mjini, na suruali yake ilipigwa pasi hata ungeweza kukatia nyama. Mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla, mkubwa wake alimpeleka kwenye ukumbi wa Wazungu, akamshikisha makoti mlangoni. Kutoka pale mlangoni, akichungulia katikati ya makoti, Abdelkarim aliuona ustaarabu. Watu wamekaa kwa safu, kimya, nyuso zimekunjamana kama wanaong'olewa meno, na hakuna anayethubutu kupiga chafya mpaka kipande cha muziki kiishe. Kikiisha wanapiga makofi, kwa kiasi.

"Hivyo ndivyo watu wanavyosikiliza," alimwambia Fadul, jirani yake.

"Na walifurahi?"

"Fadul, hilo si swali la kuulizwa mahali kama pale."

Yote haya yangebaki maneno ya barazani kama Abdelkarim asingetaka kumwoa Mabruka. Mabruka alilelewa na Bi Zeinabu, nyanya yake, na katika nyumba ile wajomba walikuwa wa kuvaa kanzu tu. Neno lilikuwa la nyanya. Wala nyanya hakumkataa kijana. Alimtazama kuanzia viatuni mpaka kwenye kofia, akasema, "Jumamosi hii uwanja nakupa wewe. Wakaribishe watu wangu, nione unavyokaa nao. Doluka ikiisha, nitakupa jibu."

Mtu mwingine angechinja mbuzi. Abdelkarim aliazima mabenchi ya chuo cha Kurani.

Alipita nyumba kwa nyumba akitoa mafunzo. Hakuna kuitikia. Hakuna kupiga makofi mpaka wimbo uishe. Na Habuba, yaani nyanya mwenyewe, asiambiwe, kwani hiyo ndiyo zawadi yake: kusikilizwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mke wangu akijiwa na kigelegele?" Fadul aliuliza.

"Akimeze."

"Na kukohoa?"

"Baina ya wimbo na wimbo."

"Karani, utatuua."

Lakini walikubali. Aliyekabidhiwa uwanja ndiye mwenyeji, na mwenyeji habishiwi. Isitoshe, walikuwa wamekwisha kuanza kuunusa wali wa harusi.

Jumamosi ikafika. Watu waliketi kwa safu, magoti pamoja, mikono mapajani. Kihara, mpiga gitaa wa Kawangware aliyekuja kila wiki kupokezana na ngoma, aliingia, akaona nyuso zile, akavua kofia.

"Poleni sana," alinong'ona. "Marehemu ni nani?"

"Keti, Kihara," Abdelkarim alisema.

"Ameacha watoto?"

"Keti!"

Bi Zeinabu alitoka na ngoma yake yenye joto. Alishangaa kidogo kuona mabenchi, ila alidhani ni heshima ya wazee. Akapiga, akatupa mstari.

Kimya. Mbuzi mmoja, ambaye hakupata mafunzo, alilia.

Sasa, katika uwanja ule mwimbaji asiyeitikiwa ameshitakiwa. Maana yake mji una neno naye. Mistari mitatu ikipita bila jibu, huifudikiza ngoma yake mavumbini na haiinui tena. Kila mtoto wa Makina alilijua hilo. Abdelkarim pia alilijua, maana alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Lakini alikuwa amejitahidi sana kulisahau, na bahati mbaya juhudi zake zilifaulu.

Bi Zeinabu aliutupa mstari wa pili, akiwataja majirani kwa majina. Kimya. Fadul alikuwa ameuma kofia yake. Wa tatu aliutupa akiwatazama mmoja mmoja. Alingoja. Kisha aliiinamisha ngoma polepole, akaifudikiza chini.

"Nimewakosea nini?" aliuliza.

Katika kimya kile akasimama Abdelkarim, aliyefikiri kwamba kipande kimeisha, akapiga makofi. Pa. Pa. Pa. Kwa kiasi.

Mabruka aliruka kutoka safu ya nyuma. "Habuba, ni huyu! Amewafunga watu midomo!" Akaiinua ngoma, akaimba peke yake jibu la mstari wa kwanza, kwa ghadhabu, na uwanja ukapasuka kama bwawa. Vigelegele vilivyomezwa tangu isha vilitoka vyote kwa mpigo. Benchi la mbele lilipinduka na wazee wake.

Bi Zeinabu alifuta macho, akanyoosha mkono. Wakanyamaza. Alimtupia Abdelkarim mstari mmoja, mwepesi, ule wanaofundishwa watoto wadogo, akamngoja.

Jibu lilikuwa kwenye ulimi wake. Angelitoa tu, hata kwa sauti ya chura, angesamehewa na kuozwa. Kila mtu alikuwa na hamu aseme. Abdelkarim alikitengeneza kiuno cha suruali.

"Mimi, Habuba, ni msikilizaji," alisema.

"Haya, mwanangu. Sikiliza."

Akaipiga ngoma. "Kijana ana pasi, kijana ana safu! Tumwoze nani?"

"Benchi!" uwanja ulijibu.

"Halisemi, halicheki, halimjibu!"

"Benchi! Benchi lake!"

Kihara alishaipata sauti kwenye gitaa. Mabruka aliimba kuliko wote, kichwa nyuma, na hakuwahi kupendeza namna ile. Abdelkarim alikaa wima peke yake kwenye safu ya pili, mikono mapajani, akasikiliza ubeti baada ya ubeti, saba kwa jumla, bila kukohoa. Mguu wake wa kushoto tu ndio uliokuwa ukipiga chini, sawasawa kabisa na ngoma, na yeye akiukanyaga kwa ule wa kulia.