Faili Kubwa Kuliko Yote

Feni za seva, kompyuta kuu ya zahanati, zilivuma nyuma ya mlango uliofungwa, zikihema kama mtu aliyekimbizwa. Nikashtuka. Seva iliyopoteza kila kitu ilikuwa na kazi gani ya kuifanya iheme hivyo? Kuna kitu kilikuwa kinaandikwa humo.

Dada yangu, mtunza kumbukumbu wa zahanati, alikuwa kwenye benchi la wagonjwa, mlinzi ubavuni. Mafaili yote ya wagonjwa yalikuwa yametoweka asubuhi. Kwa kuwa juzi alijibizana na daktari mkuu, mwizi alishapatikana. Polisi walikuwa njiani.

"Umekuja kumsafisha dadako?" daktari mkuu aliniuliza.

"Nimekuja kazini, mzee. Mimi ni fundi wa kurudisha mafaili yaliyopotea. Fungua, tuizime mashine."

"Haizimwi!" Alidakia upesi mno.

"Inaandika juu ya vilivyofutwa. Kikishaandikiwa juu, hata mimi sikirudishi."

"Ngoja kidogo tu. Imalize."

"Imalize nini?"

Akajikohoza. Dada akaniangalia, nami nikamwangalia.

"Ufunguo wa chumba hiki anao nani mwingine, daktari?" dada aliuliza taratibu.

"Unanihoji mimi, binti?"

Ufunguo ulikuwa umemning'inia kidoleni. Niliuchukua bila kuomba, nikaingia, nikachomoa waya wa umeme. Kimya.

Nilinakili diski kwenye mashine yangu, nikachungulia nakala. Pale palipokuwa na kumbukumbu za zahanati, palijaa video: bibi harusi, keki, na daktari mkuu mwenyewe akicheza, tai begani.

"Harusi ya binti yangu," alinong'ona. "Nafasi ilikuwa haitoshi. Nikafuta faili moja tu, lile kubwa kuliko yote. Halifunguki, halina picha. Nikajua ni takataka."

"Hilo moja ndilo lililokuwa kompyuta nzima ya dada, mzee. Ni kompyuta isiyo na kiwiliwili; iliishi ndani ya faili hilo, pamoja na mafaili yote ya wagonjwa."

"Si utairudisha? Basi yaishe humuhumu, kijana wangu. Tuseme umeme ulikatika."

"Na mimi nibaki mwizi?" dada aliuliza. Kisha akanigeukia. "Yanarudi, mdogo wangu?"

"Mengi. Yaliyolaliwa na harusi, hapana."

Koridoni viatu vya polisi vilikuwa vinakaribia. Daktari mkuu alinishika mkono, nikauchomoa.

"Dada," nikasema kwa sauti ya kufika koridoni, "nitawaonyesha polisi kilichofutwa na kilichowekwa juu yake, na sitaondoka hapa mpaka aliyefuta ajitaje kwa kinywa chake. Nakuahidi."